Likizo Hii Twende Kisiwa Gani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuwa karibu na redio zao.)

Ndugu msomaji, juzi nilirudi nyumbani, Mtoni kwa Aziz Ali, nikiwa na karatasi mfukoni iliyonifurahisha kuliko mshahara. Ilikuwa barua ya likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini sisi watu wa redio tunajua jinsi siku hizo zinavyoyeyuka. Mara uchaguzi, mara mwenzako anauguliwa, mara kipindi hakina mtu wa kukishika. Kwa miaka minne mfululizo likizo yangu imekuwa ni siku tano za kwenda Matombo, Morogoro, kukaa kwenye kikao cha ukoo, kisha kurudi mjini nimechoka kuliko nilivyoondoka, na mfuko umetoboka.

Mke wangu aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya chupa ya chai. Kisha akasema, "Baba watoto, mwaka huu Matombo tutawatumia salamu. Mimi nataka kwenda kisiwani. Nikae, nitazame maji, nipikiwe."

Sikuwa na la kujibu. Mke wangu amezaliwa Temeke, amesoma Temeke, ameolewa Temeke. Kila siku anavuka Kigamboni kwenda kazini, amebanwa katikati ya bajaji na magunia ya mkaa, na bahari anaiona. Lakini kisiwa hajawahi kukikanyaga. Na hayuko peke yake. Nilipouliza hapa mtaani, katika nyumba sita niliwapata watu wawili tu waliowahi kufika kisiwani, na mmoja wao alikuwa amepeleka maiti Unguja.

Jambo hili lina ajabu yake, kwa sababu sisi wa mji huu visiwa tunavitaja kutwa nzima. Barabara inayopita mbele ya nyumba yangu ni ya Kilwa. Kariakoo kuna Mtaa wa Mafia. Masaki kuna Barabara ya Chole. Tunapanda daladala kwa majina ya mahali ambapo hatujawahi kupaona. Basi usiku ule, baada ya chakula, tukaweka kikao. Walikuwapo mke wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi tangu mwaka 2019 alipofiwa na mzee. Mimi nikashika kalamu.

Kijana wangu wa kiume akataja Mbudya kabla hata sijakaa vizuri. Rafiki zake walikwenda na shule. Mbudya ni karibu, ni kuvuka tu kutoka Kunduchi, kama ilivyo Bongoyo kwa wanaotokea Msasani. Visiwa hivyo viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, wakati ambapo wavuvi wa baruti walikuwa tayari wameanza kuyavunja matumbawe yetu. Unakwenda asubuhi, unakula samaki wa kukaanga, jioni unarudi. Mke wangu akasema hiyo ni pikiniki. Anataka mahali ambapo jioni ikifika harudi kufua. Mbudya ikakatwa.

Binti yangu mkubwa akataja Unguja, na hasa kile kisiwa kidogo cha Changuu chenye kobe wakubwa. Hapo nikaona nafasi ya kueleza kidogo, maana watoto wa siku hizi wanaijua picha ya kobe lakini hawajui kobe yule alifikaje pale.

Changuu kilinunuliwa mwaka 1893 na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani wa Zanzibar, kwa nia ya kujenga gereza. Kabla ya hapo wafanyabiashara ya utumwa walikuwa wakikitumia kuwafungia watumwa waliowaona wakaidi. Gereza likajengwa, lakini mfungwa hakuletwa. Badala yake majengo yakawa karantini ya abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Na kwa kuwa karantini haikuwa na watu mwaka mzima, miezi ile mitupu Wazungu wa mjini Unguja wakakifanya kisiwa mahali pao pa kupumzikia. Wale kobe waliletwa mwaka 1919, zawadi kutoka Shelisheli. Wakazaana, kisha wakaanza kuibwa na kuuzwa nje, hata kufikia mwaka 1996 walikuwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole, ndipo wakaanza kulindwa kwa uzio.

Binti yangu akasema, "Baba, mimi nimesema kobe tu."

Lakini nilikuwa nimeshawaka, na mwandishi akishawaka hazimwi na mtoto. Nikawaambia kwamba anayesema Unguja ni kisiwa cha kupumzika akumbuke watu waliowahi kukichagua na sababu zao. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akapapenda, na katika miaka iliyofuata akahamishia makao yake huko kutoka Maskati. Alijenga kasri kando ya bahari kaskazini ya mji, mahali panapoitwa Mtoni. Naam, Mtoni, kama hapa petu, ila yake ilikuwa na tausi na ya kwetu ina gereji. Lakini Said hakuja kuota jua. Alikuja kwa ajili ya bandari, maji matamu, karafuu, na biashara ya pembe na watu. Katika kasri hilohilo mwaka 1844 alizaliwa binti yake Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Salme aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866 ndani ya manowari ya Waingereza.

Na mwaka huo wa 1866 kaka yake, Sultani Majid, alikuwa akishughulika na nini? Alikuwa akijenga majumba hapa, kwenye kijiji kilichoitwa Mzizima, mahali alipopaita Dar es Salaam. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mtu aliyekuwa na Unguja nzima mkononi mwake, minazi yake, mikarafuu yake na kasri zake, alipotaka mahali pa kukimbilia kelele za mabalozi na ndugu wenye kumuonea kijicho, alichagua huku kwetu. Majid alikufa mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakujali mji ule, na majumba yakaanza kuota majani. Leo wajukuu wa Mzizima wanauza mbuzi ili wakalale usiku mmoja Unguja.

Mke wangu akauliza nauli ya boti kwa watu sita, kwenda na kurudi, pamoja na malazi. Tukapiga hesabu. Desemba ndiyo miezi ya wageni, na bei za vyumba zinapanda pamoja nao. Unguja ikawekwa pembeni, haikukatwa, na binti yangu akanuna.

Sasa ikaja zamu yangu. Nami nilikuwa na kisiwa changu moyoni tangu nikiwa chuoni nasomea diploma ya uandishi wa habari. Kilwa Kisiwani.

Nikawaeleza kwamba hakuna kisiwa katika pwani hii ambacho kimechaguliwa kwa namna ya kupendeza kama Kilwa. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema kwamba Ali bin Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi, alipofika alimkuta mtawala mwenyeji, akataka kununua kisiwa. Bei ilikuwa nguo: vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Ali akalipa. Baadaye mwenyeji akajuta, akataka kurudi na watu wake wakati wa maji kutoka, maana enzi hizo kisiwa kilikuwa kikiungana na bara maji yakipwa. Alipofika akakuta mlango umekuwa na kina, hapitiki.

Wataalamu wa historia kwa miaka mingi wameitazama hadithi hiyo kwa jicho la pembeni, wakionyesha kwamba miji hii ilianzishwa na Waafrika wa pwani wenyewe. Kisha mwaka 2023 watafiti wakachapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya wazee waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa ikiwemo, wakakuta kwamba wengi walikuwa na asili ya Afrika kwa upande wa mama na asili ya Uajemi kwa upande wa baba. Kwa hiyo nguo zilikuwapo ama hazikuwapo, harusi zilikuwapo.

Mama mkwe wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya akichambua mchele, alicheka kidogo kwa neno hilo.

Nikaendelea. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita Mombasa akafika Kilwa, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vizuri, na akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, lililo juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Watu wanaodhani bwawa la kuogelea kando ya bahari limeletwa na mahoteli ya kitalii waende wakalitazame lile. Dhahabu iliyolipia anasa hizo ilitoka mbali, kupitia Sofala. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, na sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari wa Australia kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yao. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanashindana.

Mwaka 1505 Wareno wakaja chini ya Francisco de Almeida, wakaupora mji, wakajenga ngome, na baada ya miaka saba wakaondoka. Kilwa haikurudi tena kuwa ile. Magofu yaliyobaki, Msikiti Mkuu, Husuni, Gereza, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mawimbi na mizizi vilikuwa vinayala, na yakatolewa huko mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati na kupanda mikoko.

Na safari ya Kilwa siku hizi si ile ya zamani. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji, ambapo basi lilikuwa likilala, na abiria wakilala na basi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichotutesa miaka mingi hatimaye kikawekwa lami. Unapanda basi asubuhi, mchana uko Kilwa Masoko, unachukua kibali, unavuka kwa mashua.

Nilijiona nimeshinda. Mke wangu akaniuliza kwa upole, "Na kile kinasa sauti chako utakiacha nyumbani?"

Nikasema pengine nitakichukua, maana kipindi kimoja tu cha dakika 15 hakiwezi kuharibu likizo.

"Basi hiyo si likizo," akasema. "Hiyo ni kazi, na sisi tutakuwa mizigo yako." Watoto wakapiga makofi. Kilwa ikaanguka hapohapo, na naomba radhi kwa wananchi wa Kilwa, kosa halikuwa lao.

Ikabaki Mafia. Nasema ikabaki kwa sababu hakuna aliyeitaja. Kila mtu ndani ya chumba kile alijua kwamba mama mkwe wangu amezaliwa Juani, kisiwa kidogo ndani ya funguvisiwa la Mafia, na kila mtu alijua kwamba hapendi kuzungumza habari zake. Aliondoka huko mwaka 1964, msichana wa miaka 17, kwa jahazi, kumfuata mume aliyekuwa kuli bandarini hapa. Alirudi mara moja, mwaka 1978, kumzika mama yake. Mke wangu alizaliwa baada ya hapo. Kwao mama yake anakujua kwa jina tu.

Mtoto wetu mdogo, ambaye hajajifunza mambo ya kutotajwa, ndiye aliyesema: "Kwa nini tusiende kwa bibi?"

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Kule sisi tuliondoka tukifuata maisha," akasema. "Nyinyi mnakwenda kutafuta nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo nimelibeba wiki nzima. Katika miaka zaidi ya kumi na mitano ya kusoma na kutangaza habari za pwani hii, nilikuwa nimekusanya majina ya wote waliochagua visiwa: masultani, Wareno, mawaziri, maofisa wa karantini, watalii. Sikuwahi kuweka kwenye orodha hiyo watu waliozaliwa humo wakachagua kutoka. Nao ni wengi. Ukienda Mbagala, Tandika, Mtoni, Kurasini, utawakuta wazee wa Mafia, wa Kilwa, wa Songo Songo, waliokuja mjini kwa jahazi na hawakurudi. Kisiwa kwao kilikuwa nazi zisizo na bei, shule ya mbali na hospitali ya kuvuka maji.

Tena historia ya Mafia yenyewe imejaa watu kuondolewa. Usiku ule, pengine kwa kuwa umeme ulikatika na tukakaa gizani, mama mkwe alisimulia habari za Kua. Kua ni mji wa magofu ulioko Juani, misikiti na nyumba za mawe zilizomezwa na vichaka na mibuyu. Yeye akiwa mtoto walikatazwa na bibi yao kuchezea humo jua likishazama. Masimulizi ni kwamba watu wa Kisimani, mji wa upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, walipokuwa wakishusha chombo chao kipya majini waliwaalika watu wa Kua, kisha wakawachukua watoto wa wageni wao, wakawalaza chini ya chombo kama magogo ya kukitelezeshea. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka mingi, mpaka hasira ikadhaniwa imekufa, ndipo wakawaalika wa Kisimani kwenye harusi, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi, na mlango ukajengwa kwa mawe.

Hiyo ni hadithi, na sitaapa juu yake. Lakini yaliyofuata ni historia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini, ndiyo Madagaska ya leo, walikuja na mitumbwi yao, wakauvamia Kua, wakaua, wakachoma, wakachukua mateka. Sayyid Said alituma watu wake kuwafuatia na baadhi ya mateka wakarudishwa, lakini mji haukujengwa tena. Makao yakahamia Chole, kisiwa kidogo kilicho jirani. Kisimani nayo sehemu kubwa imeliwa na bahari. Mama mkwe alisema katika ukoo wao kuna bibi mmoja wa zamani ambaye jina lake halipewi mtoto, kwa kuwa alichukuliwa siku ile na haijulikani kama alikufa. Mke wangu alikuwa halijui jambo hilo. Niliona, hata gizani, amemgeukia mama yake.

Baada ya Waomani wakaja Wajerumani. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani waliketi wakagawana visiwa kama watu wanaogawana mboga sokoni. Ujerumani ikaitambua Zanzibar kuwa chini ya himaya ya Uingereza, ikaiachia na Witu, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha bahari ya kwao ambacho kilikuwa tayari mahali mashuhuri pa watu kwenda kuoga na kupunga upepo. Mafia ikabaki kwa Wajerumani, na Sultani akalipwa marki milioni nne kwa ukanda wa pwani pamoja na kisiwa hicho. Watu wa Juani na Chole hawakuulizwa. Mwaka 1913 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Chole kwenda Kilindoni, ambako yako mpaka leo.

Vita vilipoanza, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915 na kuifanya kituo cha ndege za kuitafuta meli ile. Tarehe 11 Julai 1915 ndege ikiwa juu inaelekeza mizinga, Königsberg ikamalizwa humo mikokoni. Mama mkwe anasema babu yake alikuwa akisimulia habari ya mdudu wa chuma aliyepita juu ya minazi, na wanawake walioacha kamba za kusuka wakakimbilia ndani.

Siku hizi Mafia inajulikana kwa jambo jingine. Mwaka 1995 ilianzishwa huko hifadhi ya bahari ya kwanza ya nchi hii, inayochukua sehemu ya kusini ya kisiwa kikubwa pamoja na Chole, Juani na Jibondo. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, hukaribia pwani ya Kilindoni kufuata chakula, na wageni hutoka nchi za mbali kuogelea naye. Chole kuna popo wakubwa wala matunda wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Mama mkwe alipoambiwa kwamba watu wanalipa fedha kumtazama potwe alisema zamani wavuvi walimwogopa kwa sababu ya nyavu zao tu, na kwamba mgeni akitaka kumwona angeelekezwa bure.

Nimesikia malalamiko ya wananchi wa huko kwamba hifadhi imewanyima sehemu za kuvulia na faida inakwenda kwa wenye mahoteli. Nimesikia pia kwamba bila hifadhi baruti ingekuwa imemaliza kila kitu, na aliyeona matumbawe ya sehemu nyingine za pwani hii hawezi kulipuuza neno hilo. Mambo hayo yanastahili mazungumzo yake yenyewe, siku nyingine.

Tukirudi nyumbani kwangu: hakuna aliyepiga kura. Siku mbili zilipita bila mtu kutaja kisiwa. Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu ambao sikuusema. Mama mkwe anakaribia miaka 80. Magoti yake hayamtii. Nchi hii imezika watu wengi wa majini: mwaka 1996 MV Bukoba, mwaka 2011 Spice Islander, mwaka 2012 Skagit. Mtu akiniuliza kwa nini familia za mji huu zinaishi kandokando ya bahari na hazivuki, nitamtajia meli hizo kabla sijamtajia bei ya nauli. Sikutaka kuwa mkwe aliyemchukua mama wa watu kumpeleka majini.

Siku ya tatu, nikiwa nafunga kamba za viatu kwenda kazini, mama mkwe aliniita. "Mwanangu," akasema, "hivyo vyombo vya siku hizi vinaondokea wapi?"

Nikamweleza. Unapanda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na kutoka hapo unavuka hadi Kilindoni. Kisha gari hadi Utende, na kutoka Utende mashua ndogo.

"Mwezi wa 12 kaskazi inakuwa imeanza," akasema, "lakini haijawa na ukali. Mkivuka asubuhi hakuna neno. Utazame mwezi. Usinipeleke maji mafu, nipeleke bamvua, maji yakitoka nishuke kwa miguu yangu. Sitaki kubebwa mgongoni na vijana."

Nikamuuliza kama hakika anataka kwenda. Hakunijibu hilo. Aliniambia kwamba kaburi la mama yake liko karibu na ufuko, na kwamba mwaka ule wa 1978 kutoka kaburini hadi kwenye maji ilikuwa hatua 60, alizihesabu. Anataka kuzihesabu tena.

Basi ndivyo ilivyoamuliwa. Mke wangu amepata kisiwa chake, ingawa sina hakika kama atapikiwa, maana habari zimeshafika Juani kwa simu na shangazi fulani, ambaye hatukujua kama yu hai, ameagiza tuje na unga na sukari. Binti yangu ameahidiwa popo badala ya kobe na hajaridhika. Nimenunua makoti ya kuokolea maisha mawili ya watoto pale Kariakoo, baada ya kubishana bei kwa nusu saa na muuzaji aliyeshangaa kwamba mtu anakwenda kisiwani na si mvuvi.

Tunaondoka alfajiri, siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Kinasa sauti nimekifungia kabatini na ufunguo anao mke wangu. Mama mkwe ameshafunga kifurushi chake tangu juzi: kanga mbili, ubani, chetezo kidogo, na kamba ndefu ya katani ambayo sijui ni ya kazi gani, na sijamuuliza.